Fundi Anajibu: Tafuta Silinda Iliyolala Kabla ya Kununua Koili

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Marangu na nafundisha Moshi mjini. Natumia IST ya mwaka 2004, injini ya 1NZ, kilomita zimefika 268,000. Tangu masika gari linamisi. Asubuhi likiwaka linatetemeka kidogo kisha linatulia. Barabara ya tambarare linakwenda bila shida. Jioni nikishakata kona ya Himo na kuanza kupanda, hasa nikiwa nimewabeba walimu wenzangu, linashtuka-shtuka, nguvu zinaisha, na taa ya cheki injini inapepesa. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote nne. Wa pili akasema ni pampu ya mafuta, nikanunua. Wa tatu anataka ninunue koili zote nne, na zikishindikana nitafute injini nyingine kwa sababu hii imechoka. Sina tena fedha ya kubahatisha. Nifanyeje?
Mwalimu, Marangu

JIBU: Marahaba mwalimu, na pole sana. Katika barua yako nimetafuta kitu kimoja sikukiona: kati ya mafundi watatu hakuna aliyekwambia ni silinda ipi inayomisi, yaani inayoshindwa kuunguza petroli yake. Hilo ndilo jambo la kwanza kujua, kabla ya plagi, kabla ya pampu, na kabla mtu hajataja neno injini. Injini yako ina silinda nne. Ikimisi kwa namna unayoieleza, mara nyingi ni moja imelala na tatu zinaibeba. Ni kama watu wanne wenye machela: kwenye tambarare mmoja akilegea hamuoni sana, mkianza kupanda ndipo mnajua nani ameachia. Usipomjua huyo mmoja, kila spea unayonunua ni bahati nasibu. Kwa hiyo kwa sasa koili, kile kifaa kinachokaa juu ya plagi na kuipa umeme wa cheche, usinunue, na injini usiitafute.

Kabla ya yote, hiyo taa. Cheki injini ikiwaka tuli unaweza kujikokota hadi gereji. Ikipepesa huku gari linamisi, maana yake petroli isiyoungua inatoka kwenye silinda na kuingia kwenye masega ya eksozi, kile chombo kinachosafisha moshi, na huko inaungua kwa joto kali linaloweza kuyayeyusha. Ondoa mguu, panda taratibu. Isipoacha kupepesa, egesha pembeni na wenzako washuke. Usiendelee kuikanyaga kwa sababu nyumbani ni karibu.

Sasa tusome dalili zako. Tambarare sawa, mlimani inamisi. Hiyo kwangu inaelekeza kwenye moto wa plagi, yaani cheche, kwanza, na sababu yake ni hii. Ukikanyaga mafuta kupanda, hewa nyingi inaingia kwenye silinda na kubanwa, na cheche inapata taabu zaidi kuruka kwenye hewa iliyobanwa kuliko kwenye hewa ya kawaida. Koili iliyochoka kidogo inaweza kutoa cheche nzuri injini ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, ikashindwa pale mlimani Kilema unapokanyaga. Ndiyo maana fundi anayechomoa plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini na kukuonyesha cheche ya bluu akisema "moto upo", hajathibitisha kitu. Moto upo nje. Ndani, wakati wa mzigo, hajui.

Anza na mashine ya kupima, ile inayosoma namba za hitilafu kwenye kompyuta ya gari. Namba P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hivyo hadi P0304. P0300 maana yake misi inahamahama au imetokea zaidi ya silinda moja. Silinda ya kwanza hesabu kutoka upande wenye mkanda wa alternata. Angalizo: vile vifaa vidogo vya bei rahisi vinavyounganishwa na simu mara nyingi vinagoma kusoma magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, na IST ni moja ya hayo. Kikikataa, usikubali kuambiwa "kontroli boksi imekufa", yaani hiyo kompyuta. Tafuta fundi mwenye mashine inayoongea na Toyota.

Hata bila mashine silinda inapatikana. Injini ikiwa silensa, chomoa soketi ya nozeli moja (nozeli ndiyo inayopulizia silinda petroli), sikiliza, rudisha, nenda inayofuata. Nozeli ya silinda nzima ukiichomoa, injini inashuka na kutetemeka waziwazi. Ukichomoa ya silinda iliyolala, hakuna kinachobadilika, na hapo umempata. Nasema nozeli kwa makusudi. Wengi wanachomoa soketi ya koili, na petroli inaendelea kumwagwa mbichi kwenda kwenye masega yale yale tunayotaka kuyaokoa. Lakini kwa kuwa gari lako linamisi likiwa na mzigo, silensa inaweza isionyeshe kitu. Ndipo mashine inapokuwa na thamani, maana kumbukumbu ya mlimani imebaki ndani yake. Mwambie fundi asiifute kabla hujaandika namba kwenye karatasi yako mwenyewe.

Tuseme imesoma P0303. Sasa ndiyo kazi ninayoipenda, kwa sababu haigharimu chochote. Injini ikiwa imezimwa, fungua bolti ya koili ya tatu na ya kwanza kwa spana ya 10, zibadilishane nafasi, futa namba, kisha panda mlima ule ule ukiwa na abiria wale wale. Ikirudi P0301, misi imehama na koili: umeithibitisha koili moja, nunua moja. Ikibaki P0303, koili haina kosa na umeokoa fedha ya koili nne. Halafu badilishana plagi kwa njia hiyo hiyo, na baadaye nozeli. Kitu kimoja kwa wakati. Fundi akihamisha koili na plagi pamoja, hamtajua kilichohama ni kipi.

Unapochomoa koili, kuwa mpole na klipu ya soketi. Gari la umri huu, ile plastiki imekaushwa na joto miaka yote, ukiilazimisha inavunjika, na soketi isiyojifunga inacheza barabarani na kuleta misi mpya kabisa. Bonyeza klipu hadi mwisho, sukuma soketi kidogo kwa ndani, kisha vuta.

Koili ikiwa mkononi, itazame kwa tochi. Mpira wake mrefu unaoshuka hadi kwenye plagi hautakiwi kuwa na mstari mwembamba mweupe au wa kijivu unaotoka juu kwenda chini. Mstari huo ni njia ambayo umeme umejichimbia kuutoroka mpira na kugusa chuma, na huo umeme ndio uliotakiwa kuwa cheche. Springi ya ndani isiwe na kutu ya kijani. Plagi nayo, kwenye kauri nyeupe, angalia kama ina mstari mweusi unaolingana na ule wa mpira. Vikiwepo vyote viwili, plagi na mpira vinabadilishwa pamoja. Ukiacha kimoja, kitaharibu kipya.

Kisha mulika ndani ya shimo la plagi. Kwenye kilomita 268,000 nategemea sana kuona oili humo. Mpira unaozunguka mashimo ya plagi chini ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu ya injini, unakauka, oili inavuja polepole na kujaa shimoni, na mpira wa koili unaoga humo hadi unalainika na kupitisha umeme. Ukikuta oili, koili mpya haitakaa. Gasketi ya tapeti kava na mipira ya mashimo ndiyo dawa, na kazi hiyo ni ndogo. Hilo mafundi wengi wanaliruka: wanapangusa oili kwa kitambaa, wanafunga koili mpya, na mteja anarudi baada ya miezi michache akiwa na lawama.

Niongeze kuhusu koili za injini hii. Zina waya nne na ndani yake kuna kifaa cha kielektroniki, kwa hiyo mtu anayeweka mita na kusema "nimeipima, ni nzima" hajapima kitu cha maana. Tena koili nyingi hulala zikiwa moto. Gari likipoa usiku kucha mbele ya gereji, asubuhi kila kitu kinaonekana sawa. Mwambie fundi apande nalo mlima kwanza, ndipo afungue boneti.

Plagi ulizowekewa, omba uzione. Injini hii inakubali plagi ya kawaida na ya iridiamu, lakini zote ziwe na uwazi wa milimita 1.1. Ndiyo maana ya 11 mwishoni mwa namba kama K16R-U11 na SK16R11. Ya kawaida ibadilishe kila kilomita 20,000, ya iridiamu inakwenda hadi 100,000. Uwazi unapanuka ncha zinavyolika, na kadiri unavyopanuka koili inafanya kazi ngumu zaidi. Plagi za bandia zimejaa ndani ya maboksi yenye majina makubwa. Ncha ya katikati ya iridiamu halisi ni nyembamba sana. Ukiona nene na butu na umelipa bei ya iridiamu, rudisha. Na plagi iliyoanguka sakafuni usiifunge hata kama inaonekana nzima, kauri inaweza kupasuka ndani usione. Kuifunga ni kwa injini iliyopoa: zungusha kwa vidole hadi igote, kisha kwa spana ongeza nusu mzunguko ikiwa mpya. Silinda hedi, kichwa cha injini plagi inamofungwa, ni aluminiamu, haina huruma na mtu anayekaza kwa hasira.

Pampu uliyonunua, sina namna ya kuirudisha. Presha ya petroli kwenye 1NZ ni kati ya psi 44 na 50, inapimwa kwa geji kwa dakika chache. Aliyekuuzia pampu bila kuweka geji alikisia. Isitoshe, pampu dhaifu inanyima silinda zote nne kwa pamoja, gari linazubaa lote kwa ujumla. Mshtuko wa silinda moja si tabia yake.

Ikiwa koili, plagi na nozeli vyote vimehamishwa na misi imebaki pale pale, ndipo tunapima kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa. Plagi zote nje, petroli na moto vimekatwa, mguu kwenye mafuta hadi mwisho, betri yenye nguvu. Tazama tofauti kati ya silinda na silinda kuliko namba yenyewe. Vitabu vinaandika namba za usawa wa bahari, na Arusha mjini, kwenye mita kama 1,400, hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo geji itasoma chini kwenye injini nzima kabisa. Nimeona magari yakihukumiwa injini kwa sababu hiyo tu. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya psi 15, mimina kijiko cha oili kwenye shimo lake, upime tena. Ikipanda, ni ringi za pistoni. Isipopanda, ni valvu, na kwa injini ya kilomita hizi huenda ni uwazi wa valvu tu umebana, kitu kinachorekebishwa. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya silinda hedi.

Na hilo linanirudisha kwenye ule mtetemo wako wa asubuhi. Kesho kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta uangalie maji, kisha uweke alama kwenye chupa ya akiba. Yakipungua wiki hadi wiki na chini hakuna tone, maji yanaingia silinda usiku, na hiyo ndiyo silinda inayotetemeka asubuhi. Yasipopungua, huenda ni koili ile ile ikianza siku kwa unyevu wa Marangu. Naomba uifanye hiyo mapema, kwa sababu inaamua kama tunazungumzia kazi ya asubuhi moja au ya kushusha hedi.

Fundi wako wa tatu anaweza kuwa sahihi kwamba ni koili. Mwambie akuonyeshe ni ipi.

SWALI: Habari za kazi, fundi. Naendesha teksi hapa Sanawari, Arusha. Corolla 110, injini ya 5A. Kukiwa na mvua, au baridi ya mwezi wa 7 yenye ukungu, inamisi vibaya hadi injini ipate moto, kisha inapona yenyewe. Koili za juu ya plagi haina.
Dereva, Sanawari

JIBU: Nzuri kaka. Kwako mshukiwa ni distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi, na zile waya nne ndefu. Unyevu unaingia chini ya kepu, mfuniko wake, umeme unapata njia ya mkato, joto la injini likikausha gari linapona. Fungua kepu utazame ndani kwa mwanga mzuri: mstari mweusi mwembamba kati ya nguzo na nguzo ni ufa ulioungua, na kepu hiyo haisafishiki, inabadilishwa pamoja na rota, ile inayozunguka ndani yake. Angalia pia oili: ukiikuta ndani ya distribyuta, sili ya shafti yake imekwisha.

Kwa waya, subiri usiku. Egesha penye giza, washa injini, fungua boneti, nyunyiza maji kidogo sana kwa chupa ya dawa ya mimea, usiguse kitu. Waya mbovu utauona ukitoa vicheche vya bluu pembeni. Mchana pima kwa mita: waya mmoja usizidi kiloomu 25. Kabla ya kuchomoa weka alama kila waya unakokwenda. Mpangilio wa moto, yaani silinda zinavyofuatana kupata cheche, ni 1-3-4-2, na ukikosea waya mbili tu gari litapiga chafya hata kuwaka likatae.

SWALI: Fundi, nilipeleka Spacio kuoshwa, kijana akapiga injini maji ya presha ing'ae. Kuondoka pale inamisi na kutetemeka, na sasa haiwaki vizuri. Nimeua injini?
Dada, Njiro

JIBU: Hujaiua dada, ila acha kuipiga stata. Maji yamejaa kwenye mashimo ya plagi chini ya koili. Fundi atoe koili zote nne, apulize mashimo kwa hewa ya kompresa wakati plagi bado zimefungwa. Hilo la mwisho msisitizie, kwa sababu akitoa plagi kwanza, maji na mchanga vinadondokea ndani ya silinda. Mipira ya koili ipanguswe na kuanikwa hadi ikauke kabisa, soketi nazo zipulizwe, ndipo virudi. Ikibaki kumisi baada ya hapo, fuata njia niliyompa mwalimu wa Marangu, ya kuhamisha koili moja.

Injini inasafishwa kwa kitambaa na brashi. Maji ya presha yaelekezwe kwenye tairi.

SWALI: Raum yangu ilimisi muda mrefu, nikaiendesha hivyo hivyo. Misi imetengenezwa, ila sasa gari zito, halivuki kilomita 80 kwa saa. Fundi anataka kutoa masega abaki na bomba tupu.
Msomaji, Boma Ng'ombe

JIBU: Inawezekana kabisa masega yameyeyuka na kuziba. Lakini lipimwe kwanza. Fundi atoe sensa ya oksijeni ya mbele, afunge geji ya presha kwenye tundu lake, apandishe injini hadi mizunguko 2,500. Geji ikizidi psi 3, njia imeziba. Ikibaki karibu na sifuri, masega hayana hatia na uzito unatoka kwingine, labda filta ya hewa iliyoshiba vumbi au sensa ya hewa yenye uchafu.

Yakiwa yameziba, tafuta masega mengine yaliyo mazima. Bomba tupu litafanya gari liwe jepesi, ndiyo, lakini moshi wenye sumu utatoka mbichi hapo stendi kwenye watoto na mama ntilie, na sensa ya nyuma itawasha cheki injini kwa P0420. Taa hiyo ikishazoeleka kuwaka, siku injini ikianza kumisi tena hutajua. Na yakitolewa, hakikisha vipande vyote vilivyovunjika vimetoka kwenye bomba, maana vikibaki vinasukumwa hadi kwenye eksozi ya nyuma na kuziba huko.